Maswali ya Wasomaji: Mawe ya Nyongo, Utumbo Ulioziba na Ushahidi wa Jeni

Barua tatu nilizozipokea kutoka mitaa mitatu ya Nairobi zinahusu jambo moja, nami nimeona heri nizijibu kwa pamoja. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu kwa sababu mwandishi wake ana uamuzi wa kufanya pamoja na ndugu zake, na majibu ya zile nyingine mbili yamejengwa juu ya jibu hilo la kwanza.

Swali la kwanza

Kwako Daktari. Mama yangu ana miaka 68 na tunaishi naye hapa Umoja. Miaka minane iliyopita alipigwa picha ya ultrasaundi akaambiwa ana mawe kwenye kifuko cha nyongo, na baada ya kusumbuka kwa maumivu kwa miaka miwili akapasuliwa tumbo, kifuko kikaondolewa. Mwezi wa Machi mwaka huu alianza kutapika, tumbo likajaa kama ngoma, akamaliza siku mbili bila haja kubwa wala kutoa hewa. Tulimkimbiza hospitalini akapasuliwa tena, na tukaelezwa kwamba utumbo ulikuwa umenaswa na makovu. Namshukuru Mungu, anaendelea vizuri. Sasa kijana wangu aliye chuo kikuu amesoma kwamba watafiti wametumia data ya jeni za maelfu ya watu wakaona uhusiano baina ya mawe ya nyongo na kuziba kwa utumbo. Ndugu zangu wanataka sote watano tuchange fedha tupeleke mate yetu nje ya nchi tupimwe jeni. Je, mawe ndiyo yaliyomziba mama utumbo hata baada ya kutolewa? Na je, tupimwe?
Kifungua mimba, Umoja

Jibu

Dada yangu, mfikishie mama pole zangu. Nianze na kile ambacho daktari wa upasuaji alikiona kwa macho yake, kwa kuwa kina uzito kuliko lolote ambalo kijana wako atalisoma kwenye simu. Utumbo kunaswa na makovu maana yake ni kwamba baada ya upasuaji wa awali, utando mwembamba unaofunika viungo vya ndani ya tumbo ulipona kwa kuota nyuzi ngumu, na nyuzi hizo zikavigandisha pamoja viungo vinavyopaswa kuteleza kila kimoja peke yake: utumbo na ukuta wa tumbo, au utumbo na utumbo. Nyuzi hizo huweza kukaa kimya kwa miaka mingi, halafu siku moja kipande cha utumbo kikajikunja juu yake kama mpira wa kumwagilia maji uliopinda, na chakula, maji na hewa vikakosa njia. Makovu ya namna hii hutokea zaidi baada ya upasuaji wa sehemu ya chini ya tumbo, kama wa kidole tumbo au wa kizazi, na kwa hiyo kama mama aliwahi pia kujifungua kwa upasuaji, huenda yalianzia huko. Hata hivyo upasuaji wowote wa kulifungua tumbo waweza kuyaacha, na hiyo ni mojawapo ya faida za kuondoa kifuko cha nyongo kupitia matundu madogo na kamera pale hospitali inapokuwa na vifaa hivyo.

Kwa hiyo mawe ya mama hayakuuziba utumbo kwa kukwama ndani yake, kwani yalitolewa yangali ndani ya kifuko chao. Lakini ni mawe yaliyompeleka kwenye kisu, na yaelekea kisu ndicho kilichoacha makovu, na makovu ndiyo yaliyounasa utumbo. Naomba uushike mnyororo huo, kwa sababu ndio utakaotusaidia kuielewa habari aliyoisoma kijana wako.

Ipo njia nyingine, iliyo adimu, ambayo jiwe lenyewe huziba. Jiwe kubwa, mara nyingi la kuzidi sentimita 2, hukigandamiza kifuko kilichovimba kwa muda mrefu mpaka ukuta wake unatoboka na kuungana na utumbo ulio jirani, hasa sehemu ya mwanzo iitwayo duodeni. Jiwe hupenya hapo, likasafiri pamoja na chakula, kisha likakwama karibu na mwisho wa utumbo mdogo, mahali ambapo njia ni nyembamba. Tabibu wa Denmark, Thomas Bartholin, aliyaeleza haya mwaka 1654 baada ya kuupasua mwili wa maiti, na mwaka 1941 Leo Rigler wa Marekani akabainisha ishara tatu za kutafutwa kwenye eksirei: utumbo uliojaa kwa kuzibwa, hewa ndani ya mirija ya nyongo ambamo haipaswi kuwamo, na jiwe lililo mahali pasipo pake. Hali hii humpata chini ya mtu mmoja katika kila watu 100 wenye mawe, na wengi wao ni wanawake wazee, ndiyo maana mzee anayetapika na tumbo kujaa, asiye na kovu lolote la upasuaji wala ngiri, hupaswa kufikiriwa jambo hili mapema. Mbali na hayo, kifuko kilichovimba vibaya, au kongosho lililowaka kwa sababu jiwe limeziba mrija wake, huweza kuufanya utumbo upooze kwa siku kadhaa: hakuna kitu kilichoziba, ila misuli yake imeacha kusukuma.

Utauliza basi kwa nini watafiti wahangaike na jeni ilhali madaktari wameyajua haya kwa karne kadhaa. Sababu ni kwamba kuzijua njia hakutuambii ni ngapi kati ya ajali za utumbo zinatokana na mawe kweli. Ukichukua faili za hospitali ukawalinganisha wenye mawe na wasio nayo, utakuta mambo yamechanganyika kama uzi wa mfumaji asiye makini. Wenye mawe wengi ni wanawake, wengi wamevuka umri wa kati, wengi wana uzito mkubwa, na wengi wao wamewahi kufanyiwa upasuaji mwingine wa tumbo. Kila moja ya hizo yaweza kuwa na mchango wake kwenye kuziba kwa utumbo. Tena mwelekeo waweza kuwa kinyume. Mgonjwa ambaye sehemu ya mwisho ya utumbo wake mdogo ni mbovu au imekatwa hushindwa kuzirudisha mwilini chumvi za nyongo, nyongo ikapoteza uwiano wake na mawe yakajiunda. Mgonjwa aliyelala wiki nyingi akilishwa kwa dripu baada ya utumbo kuziba, kifuko chake hakijikamui kwa sababu hakuna chakula kinachopita, na nyongo hutuama ikawa tope. Kwa hao wawili ugonjwa wa utumbo ulitangulia, mawe yakafuata.

Hapo ndipo jeni zinapoingia, nami nitakueleza kwa mfano wa chama. Fikiria chama cha akina mama 40 wanaochanga kila wiki, na zamu ya kupokea ikapangwa kwa kuokota vikaratasi kutoka kwenye mkebe. Mkebe haumjui tajiri wala maskini, mwenye bidii wala mvivu. Miezi sita baadaye tukiona waliookota namba za mwanzo wana vibanda vingi vya mboga kuliko waliookota za mwisho, tuna haki ya kusema kwamba kupata fedha mapema ndiko kulikozaa vibanda hivyo, kwa maana mkebe pekee ndio uliowatofautisha. Tungewalinganisha waliojitafutia mikopo wenyewe na wasiojitafutia, tusingeweza kujua kama ni mkopo ulioleta kibanda au ni ule moyo wa biashara uliomsukuma mtu kuutafuta mkopo.

Kila mtoto anapotungwa mimba, huokota vikaratasi vyake vya urithi kutoka kwa mama na kwa baba kwa bahati hiyo hiyo, kama Gregor Mendel alivyoonyesha kwa mimea ya njegere katika kazi aliyoichapisha mwaka 1866. Baadhi ya vikaratasi hivyo huielekeza nyongo kwenye kufanya mawe. Kilicho maarufu zaidi ni mabadiliko madogo kwenye jeni iitwayo ABCG8, inayosimamia pampu ya kusukuma kolesteroli kuingia kwenye nyongo. Mwaka 2007 watafiti wa Ujerumani walionyesha kwamba aliye nayo ana uwezekano wa kupata mawe karibu mara mbili ya asiye nayo. Sasa, kama mawe kweli huchangia kuziba kwa utumbo, basi walioyarithi mabadiliko hayo wanapaswa kuzibwa utumbo mara nyingi kidogo kuliko wenzao, ijapokuwa hawakuchagua kuyarithi na hakuna ugonjwa wa utumbo unaoweza kuyageuza baadaye. Wazo hili la kutumia urithi kama kura lilipendekezwa na Martijn Katan wa Uholanzi mwaka 1986, alipotaka kujua kama kolesteroli ya chini husababisha saratani au kama ni saratani inayoishusha kolesteroli, na mwaka 2003 George Davey Smith na Shah Ebrahim wa Uingereza wakaliandikia kwa kina hata likawa mbinu inayotumika kote duniani.

Anayefanya utafiti wa namna hii leo hana haja ya kumchoma mtu sindano. Huchukua matokeo yaliyokwisha kukusanywa na hazina kubwa za data ya afya na jeni kama UK Biobank, iliyoandikisha watu 500,000 wa umri wa miaka 40 hadi 69 nchini Uingereza kati ya 2006 na 2010, au FinnGen ya Ufini, iliyoanza mwaka 2017 ikilenga idadi kama hiyo ya Wafini, kisha akaoanisha jeni za mawe na rekodi za hospitali za kuziba kwa utumbo. Nami nathamini sana kazi hiyo. Lakini ningemwomba kijana wako afungue sehemu inayoeleza ugonjwa ulivyohesabiwa, kwa sababu huko ndiko maana inakojificha.

Hospitali za nchi hizo huandika magonjwa kwa misimbo ya kimataifa. Kuziba kwa utumbo kuko chini ya msimbo K56, na msimbo huo ni kapu moja lenye mambo yasiyofanana: utumbo uliopooza, utumbo uliojiingiza ndani yake wenyewe kama soksi, utumbo uliojisokota, utumbo ulionaswa na makovu, na hata utumbo ulioziba kwa jiwe la nyongo, ambao una namba yake yenyewe, K56.3. Kwa hiyo anayeuliza kama mawe huelekeza mtu kwenye K56 anauliza, kwa sehemu ndogo, kama mawe huelekeza kwenye mawe. Ngiri, ambayo kwetu huziba utumbo wa watu wengi wanaochelewa kuitibu, haimo kabisa kwenye kapu hilo kwa kuwa ina misimbo yake.

Sasa rudi kwenye ule mnyororo wa mama. Mtu aliyerithi mwelekeo wa mawe ana uwezekano mkubwa zaidi wa kupata mawe, na kwa sababu hiyo wa kuondolewa kifuko, na kwa sababu hiyo wa kupata makovu. Data ya jeni itaonyesha uhusiano kati ya mwanzo na mwisho wa mnyororo, na itakuwa imesema kweli, lakini haitatamka kwamba katikati palikuwa na kisu. Msomaji asiyejua ataondoka na picha ya jiwe lililokwama kwenye utumbo, ilhali wengi wa watu hao huenda ni kama mama yako, ambaye mawe yake yaliishia kwenye sahani ya daktari miaka sita kabla ya utumbo kuziba. Ndivyo ninavyolijibu swali lako la kwanza: ndiyo, mawe yamo kwenye mwanzo wa kisa cha mama, na hapana, si jiwe lililomziba.

Kuhusu mate na mchango wa ndugu watano, mimi ningeziacha fedha hizo mahali zilipo. Jeni za mawe ni nyingi, na kila moja husogeza mizani kidogo. Hata ile ABCG8 yenye nguvu, wapo wengi walio nayo wasiopata jiwe maisha yao yote, na wapo wengi wasio nayo wenye mawe. Tena hamtafuti kujua mwelekeo wa maelfu ya watu, mnataka kujua kama kuna jiwe tumboni mwa fulani, na hilo ultrasaundi hulionyesha moja kwa moja kwa gharama ndogo. Ndugu asiye na maumivu hahitaji hata hiyo, kwa kuwa mawe mengi hayasumbui kamwe, na yasiyosumbua kwa kawaida hayafanyiwi upasuaji. Ndugu mwenye maumivu makali ya upande wa kulia chini ya mbavu, yanayokuja baada ya chakula chenye mafuta na kupanda hadi mgongoni au begani, ndiye wa kupelekwa.

Na kuna jambo ambalo familia nyingi hazilifikirii. Mate ya mmoja wenu yanaeleza habari za nyote watano, na za watoto wenu. Sheria yetu ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inazihesabu habari za jeni miongoni mwa data nyeti, zinazohitaji uangalifu wa pekee, lakini mate yakishavuka mpaka, kuifuatilia haki hiyo ni safari ndefu. Kama mtatumia fedha, zitumieni kupata nakala ya ripoti ya upasuaji wa mama na kuitunza vizuri, maana aliyewahi kunaswa na makovu anaweza kunaswa tena, na siku hiyo daktari wa zamu atahitaji kujua kilichoonekana mwezi wa Machi.

Swali la pili

Daktari, mimi ni mwanafunzi wa takwimu, naishi Ngara. Mhadhiri wetu alitufundisha kwamba mbinu ya kutumia jeni kama kura husimama juu ya masharti matatu. Ni lipi kati yake hulegea zaidi tunapochunguza mawe ya nyongo na utumbo? Na je, matokeo ya Wafini yanatuhusu sisi?
Mwanafunzi, Ngara

Jibu

Masharti mawili ya kwanza hayanisumbui sana hapa. La kwanza linataka jeni iliyochaguliwa iwe kweli inahusiana na mawe, na kwa ABCG8 na wenzake ushahidi huo ni mwingi. La pili linataka kura iwe ya haki, yaani jeni isiwe imefungamana na mambo mengine yanayotofautisha watu; hili hulegea pale jamii zenye asili mbalimbali zinapochanganywa kwenye hesabu moja, kama vile mweka hazina wa chama angevitenga vikaratasi vya ndugu zake, na watafiti makini hulidhibiti kwa kubaki ndani ya asili moja na kurekebisha tofauti zilizosalia.

La tatu ndilo lenye kazi. Linataka jeni iufikie utumbo kwa njia ya mawe peke yake. Chukua ploti yenye tangi moja juu ya paa. Ukutani kumetokea unyevu, nawe unashuku bomba la jikoni. Ukifunga koki ya tangi na unyevu ukakauka, utalilaumu bomba la jikoni kama tu koki ile hailishi bomba la bafuni pia. Koki nyingi za mawe ya nyongo hulisha mabomba mawili. Pampu inayosimamiwa na ABCG8 ikisaidiana na jeni mwenzake, ABCG5, haipo kwenye ini tu; ipo pia kwenye kuta za utumbo, ambako huirudisha kolesteroli kwenye njia ya chakula, na mabadiliko yale yale yanayoleta mawe hushusha kolesteroli ya damu. GCKR, ambayo pia hutajwa kwenye orodha za jeni za mawe, hugusa mafuta ya damu na sukari. Mtu akiziba utumbo baada ya mishipa inayoulisha damu kuharibika, je, tumlaumu jiwe au mafuta?

Zipo njia za kupima uvujaji huo. Mbinu iitwayo MR-Egger, iliyochapishwa mwaka 2015, huuruhusu mstari wa hesabu, unaolinganisha athari za jeni kwenye mawe na kwenye utumbo, usipite kwenye sifuri, na umbali wake kutoka hapo huashiria kwamba jeni kwa jumla zinavuja kuelekea upande mmoja. Kipimo cha wastani wa kati wenye mizani hustahimili hata kama hadi nusu ya uzito wa ushahidi umetoka kwenye jeni mbovu, yaani zinazovuja. Usome zote, lakini usiziabudu. Mimi huuliza kwanza jambo la kawaida kabisa: wakiondoa ABCG8 peke yake, je, matokeo yanabaki? Jeni moja yenye nguvu ikibeba hesabu nzima, basi tunachokipima ni tabia ya pampu moja, si ya mawe. Kisha huuliza kama waligeuza swali, wakatumia jeni za kuziba utumbo kutabiri mawe, kwa sababu ile njia ya kinyume niliyomweleza dada wa Umoja ni ya kweli.

Angalia pia kwamba upasuaji wa kifuko hauvunji sharti la tatu. Uko njiani, kati ya jiwe na utumbo, si kando ya njia. Hauyaharibu matokeo, ila unabadilisha maana yake, na hilo halirekebishwi kwa hesabu. Hurekebishwa kwa kurudi kwenye rekodi na kuwatenganisha waliopasuliwa na wasiopasuliwa kwa uangalifu, na kwa kulifungua lile kapu la K56 ili kila aina ya kuziba ihesabiwe peke yake.

Kuhusu Wafini, namna mwili unavyotengeneza nyongo ni moja kwa binadamu wote, lakini alama za jeni si hivyo. Mara nyingi herufi ya DNA inayotumika kwenye hesabu si ile inayosababisha mawe, bali jirani yake anayesafiri nayo, na kwa kuwa jamii za Afrika ni za kale zaidi na vinasaba vyao vimechanganywa mara nyingi zaidi, ujirani huo ni mfupi kwetu. Jirani anayemwakilisha mhusika huko Helsinki aweza asimwakilishe hapa. Tena visababishi vyenyewe vinatofautiana: kwetu utumbo mpana kujisokota huonekana sana, na kwa watoto minyoo ya mchango huweza kujifunga fundo likaziba utumbo mdogo, au mmoja wao akapanda kwenye mrija wa nyongo na kuacha mbegu ya jiwe. Mnyoo huo ni njia ya tatu kati ya nyongo na utumbo ambayo hakuna hazina ya Ufini itakayoiona.

Usidhani ninasema haya kwa kunung'unika. Jeni ya PCSK9 ilipata umaarufu kwa sababu watafiti wa Dallas walichunguza pia Wamarekani wenye asili ya Afrika, wakakuta baadhi yao wana nakala iliyozimika inayoshusha kolesteroli. Mwaka 2006 ikaonekana kwamba watu hao hupata ugonjwa wa moyo kwa nadra sana, na kufikia mwaka 2015 dawa zilizojengwa juu ya ujuzi huo zilikuwa zimeidhinishwa. Kura ya Mendel ilizungumza kwa sababu kulikuwa na Waafrika kwenye mkebe. Na hapa Nairobi kazi hiyo imeanza: mradi wa AWI-Gen, ulioanza kama sehemu ya H3Africa, mpango wa utafiti wa jeni barani Afrika, ulikusanya sampuli za watu wazima wa miaka 40 hadi 60 wa Korogocho na Viwandani kupitia APHRC, kituo cha utafiti wa afya na idadi ya watu, sambamba na vituo vya Ghana, Burkina Faso na Afrika Kusini. Lengo lake lilikuwa magonjwa ya moyo na kimetaboliki, si nyongo, lakini kama unatafuta mada ya shahada ya pili, anza kwa kuuliza ni maswali gani ya tumbo yanayoweza kuulizwa kwenye data ya aina hiyo.

Swali la tatu

Daktari, mtoto wangu wa miaka 11 ana selimundu. Kwetu ni Siaya lakini tunaishi Kasarani. Picha imeonyesha mawe kwenye kifuko cha nyongo, na mwezi uliopita wakati wa maumivu tumbo lilimjaa akakosa kupata choo kwa siku mbili, kisha likatulia akiwa wodini. Je, mawe yalikuwa yanamziba utumbo?
Mama wa Kasarani

Jibu

Mama, pole sana, na hongera kwa kumfikisha hospitalini badala ya kumsubirisha nyumbani. Mawe ya mtoto wako si yale tuliyokuwa tukiyazungumza huko juu. Yale ya Wafini kwa sehemu kubwa ni ya kolesteroli. Ya selimundu hutokana na chembe nyekundu za damu kuvunjika mapema. Zinapovunjika hutoa bilirubini, ile rangi inayoyafanya macho kuwa ya manjano, na bilirubini ikizidi kwenye nyongo hugandamana ikawa mawe meusi. Ndiyo sababu watoto wenye selimundu hupata mawe katika umri ambao wenzao hawana hata moja, na wale waliorithi pia mabadiliko kwenye jeni ya UGT1A1, yanayopunguza kasi ya ini kuishughulikia bilirubini, huyapata zaidi.

Tumbo lililojaa wakati wa maumivu lina maelezo mengine yenye nguvu. Chembe zilizopinda umbo la mundu huweza kuziba mishipa midogo inayoulisha utumbo damu, na utumbo uliokosa damu ya kutosha hupooza kwa muda. Tumbo hujaa, choo hukoma, kisha maji ya mshipani, oksijeni na dawa za maumivu zikifanya kazi, hali hutulia bila kisu, kama ulivyoeleza. Dawa kali za maumivu zenyewe pia huulegeza mwendo wa utumbo. Kwa hiyo jeni moja imempa mtoto mawe kwa njia ya bilirubini, na huenda ikampa utumbo uliopooza kwa njia ya mishipa ya damu, bila mawe kugusa utumbo hata kidogo. Mwanafunzi wa Ngara naye alisome jibu hili: angeitumia jeni ya selimundu kama kura ya mawe, hesabu ingemwambia kwa uhakika kabisa kwamba mawe huziba utumbo, nayo ingekuwa imekosea.

Mawe hayo hata hivyo yasipuuzwe. Muulize daktari wa kliniki ya selimundu kama maumivu ya mtoto hukaa upande wa kulia chini ya mbavu, kama yameambatana na homa, na kama manjano ya macho huzidi kuliko kawaida yake na mkojo kuwa kama chai ya rangi. Hizo ni dalili za kifuko au mrija wa nyongo, na mtoto mwenye nazo huzungumziwa upasuaji wa matundu madogo akiwa ametulia, baada ya kuandaliwa damu na maji. Na akianza tena kutapika kijani huku tumbo likijaa na hewa haitoki, usihesabu siku mbili. Mpeleke siku hiyo hiyo, na pale mapokezi useme mambo matatu kwa pamoja: ana selimundu, ana mawe ya nyongo, na mwezi uliopita utumbo wake ulisimama ukarudi wenyewe.